Mkebe Usiokuwa wa Chai

Bi Rehema,

Shikamoo. Najua leo sitasikia marahaba, lakini miaka yote hiyo maabara sikuthubutu kukusemesha kabla ya shikamoo, na sitaanza utovu wa adabu sasa.

Arobaini yako imepita. Kiti chako hakijakaliwa na mtu. Koti lako jeupe bado linaning'inia nyuma ya mlango, na ukilisogelea linanukia udi. Mwakio, kijana wetu wa kusaidia maabara, alitaka kulipeleka kwa dobi, nikamfokea mbele ya watu. Nimekuwa na hasira siku hizi. Hata wanaocheka ukumbini nawachukia.

Nakuandikia kwa sababu ya ile kazi uliyoniachia. Ulikuwa umelala, umekonda hata pete yako umeihamishia kidole gumba, ukaniambia: "Kadzo mwanangu, hilo donge walonitoa tumboni, ulipime wewe. Si kwa ajili yangu mimi. Nataka kujua namwachia nini Zainabu." Ulitaka nimtafute yule uliyezoea kumwita fundi, kimeng'enya kinachosahihisha makosa kila DNA inaponakiliwa. Akikosekana kwenye uvimbe, huenda maradhi ni ya ukoo, na huenda binti yako wa pekee amerithi kasoro hiyo.

Nilingoja hitima ipite, kisha nikatoa kwenye friza kichupa cha mwisho cha damu ya Shungi. Unamkumbuka alivyokung'ata? Sungura yule mweupe, uliyemdunga kimeng'enya hicho kidogo kidogo mpaka damu yake ikatengeneza kingamwili za kukikamata. Alikufa kabla yako, na hakuna sungura mwingine atakayetupa zinazofanana kabisa na zake.

Siku yangu ya kwanza ulinieleza kwamba kingamwili za sungura mmoja ni za aina nyingi, na kila aina hushika mahali pake kwenye kimeng'enya kile kile, kama wanaume wanavyolishika jeneza. Ndiyo maana hata kikiwa kidogo hukinasa. "Lakini penye wengi pana mengi," ukasema. Nyingine hung'ang'ania hata visivyozihusu. Kwa hiyo kwanza tunalowesha kile kipande cha nyama ya mgonjwa kwa maziwa ya unga, ili hizo za kudandia zikose pa kushika.

Siku ya maziko, wanaume walipokutoa nyumbani Kuze wakipokezana, sisi wanawake tulibaki ndani, tukisikia sauti zao zikififia kichochoroni. Nikawaza kingamwili, Mungu nisamehe. Nikacheka, kisha nikalia, na Zainabu akanifunika kwa mtandio wake.

Basi nikapima. Kioo nilichobandika kipande cha donge lako kikatoka rangi ya kahawia, alama ya kingamwili zilizoshika, kote, penye uzima na penye uvimbe. Fundi yupo! Nilishika simu nimpigie Zainabu, jina lake tayari liko mbele yangu. Hapo nikakusikia: "Kitu kikikufurahisha sana, kitizame tena."

Nikatizama kioo cha pili, kile ulichotulazimisha kukitengeneza kila mara, tunachokipaka damu aliyotolewa Shungi kabla hajadungwa chochote. Damu hiyo haina za kumkamata fundi, kwa hiyo kilipaswa kubaki kimepauka. Nacho kilikuwa cha kahawia. Rangi yote ile ilikuwa uchafu tu wa zile za kudandia, hakuna jibu.

Nikaufungua mkebe wa maziwa. Unga ndani yake ulinukia vanila. Mwakio akainamisha kichwa kabla sijamuuliza. Wageni walipofurika maabara kuleta rambirambi, chai yao ilipikwa kwa maziwa yako. Naye aliona haya kuuacha mkebe wako mtupu, akaujaza ule unga wa dukani wa kutilia kahawa, ambao wala si maziwa. Miaka yote ulipiga kelele, "Si ya chai, jamani!" na ukayaandika maneno hayo kwenye mkebe kwa wino mwekundu, kisha maziwa yenyewe yakaja kunywewa msibani kwako. Ungemsuta mwezi mzima. Mimi sikuwa na nguvu hata ya kumkaripia.

Tulinunua maziwa ya kweli. Nikarudia kwa matone ya Shungi yaliyobaki. Kioo cha pili kikatoka safi. Kwenye cha kwanza, chembe zenye afya zilikuwa za kahawia, kila moja na fundi wake. Uvimbe wote ulikuwa mtupu. Nilitizama tena na tena, nikimwomba Mungu niwe nimekosea mahali. Maisha yangu ya kazi nimepigana na uchafu. Siku hiyo niliutamani.

Kumbe fundi alikukimbia, Bi Rehema, nawe ukiwatafutia watu wengine mafundi wao.

Daktari anasema Zainabu atolewe damu ipimwe. Ikionekana amerithi, watakuwa wakimchungulia tumbo kwa kamera kila baada ya muda, ili kitu kikianza kiwahiwe. Wewe hukuwahiwa. Najua kuwahiwa kwa Zainabu ndiko ulikokutaka, lakini mdomo wangu ni mzito kumwambia. Kila nikienda kwao ananiwekea sahani ya kaimati, ananitazama kwa macho yako, haniulizi.

Leo alasiri nakwenda Kuze. Nitamwambia yote, lililo la hakika na lisilo la hakika, bila kulipaka sukari. Kichupa cha Shungi kimekwisha, na nimeomba sungura mwingine; nitamfundisha Mwakio kumlea, na mkebe nimeuandika upya, ingawa mwandiko wangu haufikii wako.

Mola akulaze pema, mwalimu wangu. Siku uliyokwenda kupimwa ulituaga kwamba wafuata bizari sokoni Marikiti, ukakaa peke yako kwenye benchi la hospitali, ukarudi na bizari kweli ili tusishuku. Nakuahidi Zainabu hatakaa pale peke yake. Nitakuwa ubavuni pake, nimeshika mkoba wake, na bizari tutanunua pamoja.

Mwanao wa maabara,
Kadzo