Sahani Iliyofudikizwa

Alhamisi, 10 Novemba 2016, saa moja na nusu asubuhi. Mvua imekatika, baridi ingalipo.

Mama Adamu,

Uamkapo, wali na maharage vimo kwenye hotipoti. Sare yako nimeifua. Iko karibu na hita.

Ulipoingia alfajiri ukakuta sahani yako imefudikizwa, kama tulivyowafanyia wachelewaji bwenini kwetu ili wakose chakula, ulicheka: "Kaka mkuu, leo viboko vingapi?" Nilikupa mgongo. Sasa redio imeeleza kwamba barabara zilifurika, na wauguzi wa zamu waliamriwa wasitoke wodini hadi maji yapungue. ~~Ungalinipigia simu.~~ Ulinipigia, nilikuwa nimeizima kwa hasira.

Sahani yako nimeifunua. Iliyofudikizwa sasa ni yangu, nami nimekwenda kazini bila kula.

Baba Adamu