Bibi Kagoma Kurudisha Jembe la Posa

Yuditha, uko wapi? Nimeaibika huku Bungu!

Si wanarekodi filamu ya ile riwaya ya mapenzi enzi za Mjerumani tuliyosoma sekondari? Mimi naigiza binti anayeposwa, na bibi yangu ndiye anaigiza bibi.

Mwigizaji kaleta jembe la posa, bibi kalipokea. Mwongozaji akasema turudie, bibi rudisha jembe.

Bibi kagoma! “Jembe la posa likishapokelewa halirudi. Mjukuu wangu keshaposwa.”

Keshaposwa, Yuditha! Mbele ya kamera!

Nikamnong'oneza, “Bibi, mimi nina Simeo.”

Akajibu kwa sauti, “Simeo gani? Yule wa maneno matupu?”

Watu hoi kwa kucheka.

Sasa mwambie kaka yako Simeo filamu nzima imesimama, inamsubiri yeye na jembe lake.