Gundi ya Uji wa Mchele

Atupele mjukuu wangu,

Ndaga fijo, asante sana, kwa barua yako. Ilifika hapa kijijini Ngonga wiki tuliyomzika dada yangu Tusekile. Bibi yako hajambo, ila macho yanamsumbua. Umeuliza kwa nini Tusekile, mwenye akili vile, aliishia kidato cha nne. Chanzo ni mimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Daftari zilikuwa ghali, hivyo aliandika notisi kwenye karatasi mojamoja zilizovushwa mto Songwe kutoka Malawi. Kila akizifunga kwa uzi, matundu yalichanika. Mimi nilikuwa kijana wa aibu, nikaamua kumtengenezea kitu bora kimyakimya. Nilizishona kwa nyuzi za mgomba, kisha nikapaka mgongo uji mzito wa mchele wetu ule unaonukia. Sikumwambia gundi imetengenezwa kwa nini.

"We mtoto, hiki ni kitabu kabisa," alisema, akakiweka chini ya kitanda.

Wiki moja kabla ya mtihani, panya walikitafuna kuanzia mgongoni wakala nusu ya kila ukurasa. Mama akamgeukia yeye. "Umekula wali kitandani tena, Tusekile? Haya, kasome hivyo vipande."

Dada akaapa hajala. Hakuaminiwa.

Nilikuwa mlangoni na sufuria ya uji mwingine, maana nilitaka kushona fungu la pili. Nikaenda kuiosha.

Alifeli, na amekufa hajui. Nimekuambia kwa sababu umeuliza. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza.

Babu yako