Zizi Nililolivunja kwa Jina la Kujilinda

Jumapili, mwisho wa Septemba. Kijijini Tingi. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nimejifungia ndani kama mwenye homa.

Sina homa. Nina aibu.

Wiki iliyopita niliandika hapa kwenye ukurasa wangu makala ndefu juu ya haki ya nchi kujilinda. Nilifoka, kama kawaida yangu. Nilisema Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulimpa haki hiyo aliyeshambuliwa, lakini wakubwa wameivuta mpaka imechanika. Wanapiga kwanza kwa tishio wanaloliona wao peke yao. Wanarusha ndege zisizo na rubani ndani ya nchi nyingine wakidai mwenye nchi ameshindwa kuwazuia wenye silaha. Nikauliza: ushahidi uko wapi? Kwa nini hawaulizi kwanza? Mlinisifu. Sifa zenu nilizisoma mara mbili.

Ijumaa nilikuta alama za kwato shambani, chini ya mikorosho niliyokwisha kuifagilia kungoja korosho zianguke. Nilijua ni ng'ombe wa Masanja, mfugaji aliyehamia mwaka jana ng'ambo ya kijito, ambacho kiangazi hukauka. Hawakuwa wamekula hata jani. Lakini kichwani mwangu shamba zima lilikuwa limeshakanyagwa. Nikachukua panga, nikavuka, nikalikata zizi lake.

Masanja hakuwepo. Mkewe, Kabula, alisimama mlangoni akinitazama tu. Ng'ombe walitoka mbio, na mtamba mmoja akaanguka korongoni akavunjika mguu. Walimchinja jioni ile ile.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikamwambia nimejilinda. Nilitumia hata maneno yale yale ninayoyapiga vita: tishio lilikuwa karibu. Akaniamini, maana mimi ndiye msomi. Kesho kuna mkutano wa kijiji, na ajenda ni moja: Masanja afukuzwe.

Jana ndipo mke wangu, Somoe, alipozipata habari.

"Kwato za kule mpakani? Si mimi niliyemruhusu! Kisima chake kimekauka, akaomba apitishe ng'ombe wakanywe kisimani kwetu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi, baba Zuhura, na wewe uko vitani na dunia nzima? Hayo maziwa unayokunywa wiki ya pili sasa, ulidhani nayakamua kwenye mkorosho?"

Niliandika makala ile huku nikinywa maziwa ya Masanja.

Kuuliza kungenigharimu nini? Kuvuka kijito tu. Nilikivuka, lakini na panga mkononi.

Leo asubuhi Kabula ameleta kidumu kingine cha maziwa. Alisema makubaliano yake ni na Somoe, si na mimi. Kisha akanigeukia: "Shikamoo, baba."



Watoto wameyanywa maziwa. Mimi nimekunywa chai ya rangi.

Kesho nitasimama mbele ya mkutano niseme kwamba hakuna aliyenishambulia, na kwamba mvamizi wa Tingi ni mimi. Wale niliowapandisha hasira watanizomea. Wazomee. Habari ya mtamba wazee wataamua, na watakaloamua nitalitekeleza bila ubishi. Mimi, bila ubishi!

Kinachonishinda ni kidumu. Somoe amekiosha, akakiweka mezani mbele yangu, nikirudishe mwenyewe. Na huku kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hutiwa mbaazi, unga, chochote cha moyo mweupe.

Nitatia nini?