Kisu Chako Kilipozama Mbudya

Baba,

Kamwene. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukiisalimia mianzi yako kila alfajiri, ukiingia shambani na kisu chako kidogo na mbeta zako za kukingia pombe ya ulanzi, kama mtu anayeingia kwa jirani. Nilikuwa nakucheka. Nikikuuliza mianzi inaitikia nini, unasema, "Inaitikia jioni." Na jioni mbeta zimejaa hadi mdomoni.

Tangu tukuzike hakuna aliyeingia kugema. Ncha za machipukizi ulizoziacha zikidondosha zilikauka zote. Kisu chako Mama alikifunga kwenye kipande cha kitenge, akakitia mkobani, akawa anatembea nacho hata kanisani. Kisha akaja mnunuzi kutoka Iringa mjini, anataka mianzi yote ya shamba, aikate mpaka kwenye shina akauze kwa wajenzi. Mama akamwambia atampa jibu akirudi kutoka Dar es Salaam.

Ndiyo, Baba, Mama alikwenda Dar. Kwaya yetu ilialikwa huko, na wenyeji wetu wakatutoa siku moja kwenda kisiwa cha Mbudya. Alikwenda na lile sweta lake la kijani, na kwa jua lote lile hakulivua. Kwenye boti alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Tulifika maji yamejivuta mbali na ufuo. Tukaweka vitu vyetu kwenye mawe karibu na maji, viatu, vikapu, hata sufuria ya wali, kama tunavyoweka kando ya mto kwetu Kilolo. Mto ukiuacha mahali unaukuta palepale. Nani alituambia bahari inatembea?

Hapo Mama akafungua mkoba, akatoa kisu chako, akamenya chungwa. Kisu chako, Baba! Wewe hukukubali kisu cha kugemea kikate hata kitunguu, ulisema kikishaonja kitu kingine kinaharibu ulanzi. Nikajua ameshaamua kuuza. Alikiweka juu ya jiwe, akanipa nusu ya chungwa, wala hakunitazama.

Tukapanda juu kivulini, tukaimba, tukasinzia. Tulipogeuka, mawe hayapo. Viatu vinaelea, sufuria ya wali inakwenda zake, na akina mama wa sauti ya kwanza wanaikimbilia na vitenge vimelowa. Ungekuwepo tungecheka mpaka mbavu ziume. Mama hakucheka. Alikuwa amesimama ndani ya maji na sweta lake, anasema, "Kisu cha Baba Neema." Anarudia taratibu, kama anamwambia mtu aliye karibu naye.

Nahodha wa boti alikuja akamwamkia shikamoo, akamvika miwani ya kuzamia, akamwelekeza ashike mkono wake na ainamishe uso tu. Nilidhani atakataa. Huyu ni Mama ambaye mtoni hakuwahi kupita magoti. Akainama.

Akakaa. Akakaa mpaka nikaogopa. Alipoinua uso maji yalikuwa yanamtiririka mashavuni, na sikujua yapi ni ya bahari. Hakutaja kisu. Alisema, "Kamwene." Hakuniambia mimi, aliyaambia maji, halafu akainama tena.

Nikaomba miwani nami. Baba, nitakusimuliaje? Pale chini, kwenye maji ya kiunoni, kuna shamba. Wanayaita matumbawe. Mimi niliyaona mawe, nahodha akasema ni viumbe hai, vidogo mno, vinajenga juu ya mifupa ya waliotangulia. Mengine yamejikunja kama kabichi. Mengine yamechomoza kama machipukizi ya mianzi yako mvua za kwanza zikinyesha. Samaki wa njano wanapita katikati, kundi zima linageuka kwa pamoja na huoni nani kawaambia. Wengine ni wa bluu, bluu ambayo sikujua ipo duniani. Mmoja alikuja mpaka mbele ya uso wangu, akanitazama kama anauliza mimi ni mtoto wa nani.

Na kimya, Baba. Kimya kile cha shambani kwako kabla hakujapambazuka. Nikawaza kwamba haya yote yalikuwa hapa siku zote tulizopalilia mahindi, yalikuwa hapa hata siku ile tunakufukia, yanajijenga wala hayajui kama sisi tupo. Sijawahi kujiona mdogo namna ile. Ajabu ni kwamba sikuumia, nilipata nafuu.

Mama ndiye aliyekiona kisu. Kilikuwa kwenye mchanga kati ya matumbawe mawili, visamaki vimekizunguka. Nahodha akazama akakitoa, Mama akakipokea kwa mikono miwili. Tulipotoka majini alichukua chupa yake ya maji ya kunywa akayamwaga yote kwenye kile kisu, akasugua mpini, akasugua makali, mpaka chumvi ikaisha. Safari nzima ya kurudi bandarini alivumilia kiu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa basi, pale Ruaha Mbuyuni mwenzetu mmoja alinunua tikiti, akamwomba Mama kile kisu chake. Mama akaukumbatia mkoba.

"Hiki ni cha mianzi," akasema.

Nikageukia dirishani nikalia, na nilikuwa na furaha.

Mnunuzi alikuja akaondoka mikono mitupu. Mvua zimeanza, machipukizi yametoka mengi kuliko mwaka wako wa mwisho. Mama hawezi kupanda mteremko kila siku, kwa hiyo kisu kimekuja kwangu. Anasimama nyuma yangu ananielekeza, "Kata kipande chembamba, usiiumize." Kumbe miaka yote ile alikuwa anakutazama mikono. Watu wanasema mwanamke hagemi. Waache waseme, wakisikia harufu watakuja na vikombe. Mkono wangu bado mzito na nimeshaharibu ncha kadhaa, unisamehe.

Lala, Baba. Mbeta ya kwanza ikijaa nitakumiminia kidogo pale ulipo, mchungaji asisikie. Leo alfajiri niliingia peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilisalimia kabla sijagusa kitu, na nakuahidi nitasalimia kila siku nitakayoingia. Sasa nangoja jioni.

Mwanao,
Neema