Kurasa za nota nilizomuuzia Jabiri

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize kwanza ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, nalima tangawizi hapa Myamba na naishi na baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani kwetu kwa miaka mingi, na nyimbo zake za Kipare alizitunga mwenyewe akaziandika kwa nota, do re mi, sauti zote nne, kwenye daftari moja kubwa, kwa wino wa rangi, kila ukurasa kauzungushia maua kwa mkono. Zamani watu walitembea kutoka mbali kuja kufundishwa nota kwake, ila siku hizi kwaya inajifunza nyimbo kwa kusikiliza simu na kinanda kinapiga chenyewe, na hizo nota alizonifundisha tangu utoto nikaziona hazina kazi. Mwaka jana akapita Jabiri, mfanyabiashara wa picha na vinyago kutoka Same, akasema kurasa zile zikitiwa fremu zitapendeza kwenye ukuta wa hoteli, na mimi paa lilikuwa linavuja, nikachana sita nikamuuzia, baba sikumwambia, kwa kuwa ana mtoto wa jicho na haoni tena maandishi.

Sasa Jumapili moja tumetoka kanisani akaniomba nimsomee wimbo alioutunga siku mama alipofariki, ili yeye aimbe besi, maana maneno anayakumbuka ila sauti zimemtoka. Ukurasa huo ni mmoja wa wale sita. Nikababaika nikamwambia, "Baba, wimbo huo hukuwahi kuuandika." Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema ndiyo. Wiki iliyofuata akaenda kwa mchungaji kuomba aondolewe kwenye baraza la wazee wa kanisa, kwamba kichwa chake hakifanyi kazi tena, na tangu hapo haimbi, na akiulizwa jambo lolote anasema muulizeni Beatha. Naona haya hata kumtengea chai. Nifanyeje?

Beatha, Myamba

Marahaba, Beatha. Nitakugombeza, ila si kwa hilo unalodhani.

Kuuza kurasa ni kosa, kwa kuwa daftari si lako. Lakini usharika mzima uliacha nota, na kama kwaya ingekuwa inalitumia daftari hilo kila siku ya mazoezi, usingethubutu kulichana. Jabiri naye simlaumu, alipenda maua akanunua alichouziwa. Hakujua kwamba zile herufi ni wimbo wa msiba wa mtu. Wewe ulijua.

Kinachonikera ni ule uongo. Mzee mwenye akili timamu umemfanya aamini amepotewa na akili, na unakaa unamwangalia akijitoa kwenye mambo yake moja baada ya jingine. Paa linavuja, sawa, naelewa. Uongo huu ulikuwa wa kuikwepa aibu yako tu.

Mtafute Jabiri akuambie ni hoteli gani zilikotundikwa. Nenda na daftari la shule na penseli, omba ruhusa, kaa mbele ya ukuta unakili sauti zote nne, ukurasa kwa ukurasa. Nota ulizosema hazina kazi ndizo zitakazokutoa hapa, maana kwa maelezo yako sioni mwingine huko wa kuzisoma. Wakikushangaa pale mapokezi, waache wakushangae. Na daftari lililobaki usichane tena hata kona.

Hiyo ni safari ya kesho. Leo, ukimaliza kusoma hapa, mfuate baba alipo umwambie: "Baba, wimbo uliuandika. Kichwa chako ni kizima. Mimi niliuuza." Atakasirika, na ana haki, mwache akasirike mpaka achoke, wala usijitetee kwa habari za paa. Kisha mwende pamoja kwa mchungaji, useme wewe kwa mdomo wako, ili arudi kwenye kiti chake.

Ukishatoka hotelini, keti karibu naye uanze kuimba sauti ya kwanza. Usimhimize. Besi ataingia mwenyewe.