Riwaya Iliyofika Goziba Bila Mwisho

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo nimefanya kweli! Ile riwaya yangu ya upelelezi — mzee kauawa nyumba ya wageni, mlango umefungwa kwa ndani — nimeitia kwenye kapu la saluni. Roho imeniuma. Lakini sheria ya kapu niliitunga mwenyewe: chukua kitabu, acha kitabu. Wateja wangu wa Kahororo wanaacha vyao vizuri, mimi niache vya mapishi tu? Aibu. Hellen kaibeba kabla nywele hazijakauka. Yeye kaacha kitabu cha ufugaji wa kuku. Haya.

Jumamosi, 9 Novemba

Hellen hakusoma hata ukurasa! Kampelekea mtu wa Goziba, fundi wa injini za boti, eti kule kisiwani jioni ni ndefu. Mtu mwenyewe simjui. Kitabu changu kimevuka ziwa bila kuniaga.

Jumatano, 13 Novemba

Ujumbe wa sauti, namba ngeni. Mwanaume, anaitwa Kamugisha. Namba kaiona kwenye muhuri wa saluni, ndani ya jalada. Ana hasira! Mpelelezi kawakusanya wote sebuleni, kafungua mdomo amtaje muuaji, na kitabu kimeishia hapo. Sura ya mwisho iko wapi, dada? Nyuma yake wanaume wanapiga kelele. Kumbe anawasomea kambi nzima ya wavuvi.

Nimeitafuta. Iko chini ya godoro langu, imechomoka yote. Nimemwambia naipiga picha, nakutumia. Kakataa. Anataka karatasi, ataifuata mwenyewe akipata nafasi. Na nisithubutu kumtaja muuaji.

Jumapili, 17 Novemba

Kila siku sauti mpya. Kambi imegawanyika, hawa wanamtuhumu mpishi, wale mjane. Yeye anamshuku daktari: kwa nini alinawa mikono kabla hajaambiwa kuna maiti? Nimekisoma miaka yote hiyo, sijawahi kuliona hilo!

Jana nilikuwa namsikiliza huku nampaka mteja dawa ya nywele. Nikamsahau na dawa kichwani, akaanza kuruka kwenye kiti. Eti nimempenda mtu wa sauti tu? Lilian, una miaka thelathini na nne, tulia.

Basi, nimempenda. Nani atasoma hapa.

Jumanne, 26 Novemba

Mama kaja kutoka Izigo na mfuko mkubwa wa senene, panzi wetu wa msimu. Anasema kaja kunisalimia. Najua kaja kuuliza naolewa lini.

Nikamwacha nyumbani akikaanga. Narudi jioni, vifurushi vya senene vimepangwa mezani, vya majirani, vya wanakwaya. Natazama karatasi — mawee! Sura ya mwisho, kaitoa chini ya godoro! Vifurushi vingine vimeshaondoka, vilivyobaki vinang'aa mafuta. Mama hana hata wasiwasi. Angejuaje ni kitabu, na hakina jalada?

Na Kamugisha anakuja Jumamosi.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepita kwa majirani kuomba karatasi. Karatasi, si senene! Mmoja kashawashia mkaa. Mama Mujuni kanirudishia yake, kashaisoma, anauliza huyo mjane ni nani. Ukurasa wa muuaji haupo.

Kumsimulia naweza, naijua yote kwa moyo. Ninachoogopa ni kingine. Akisikia hakuna cha kufuata, atavuka ziwa kufuata nini? Sijamwambia.

Jumamosi, 30 Novemba

Kaja! Shati limenyooshwa, mkononi sato wawili wa kumpa Mama. Nimemwambia ukweli pale pale mlangoni: sura imefungiwa senene, imeliwa. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema kama ni sura tu, picha zingemtosha siku ile ile. Nimefurahi, nimefurahi, nimefurahi!

Mama kamkaribisha vizuri, kampa kahawa ya kutafuna. Kumbe si mtu wa mbali, ni Mhaya wa Muleba hapa hapa, Goziba alifuata kazi tu. Mama kang'aa uso. Mimi nikakimbilia jikoni kumenya ndizi. Kisu kiko chini, naandika.

Mama kaanza kumhoji, kwa heshima zote za Kihaya. Baba ni nani, waitu? Na babu? Walihamia wakitokea wapi?

Najua swali linalofuata. Sisi ni wa ukoo wa Abayango. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wawe hawajawahi kuonana, ni kaka na dada. Akiwa wetu, Mama atamkumbatia, atamwita mwanangu, atampakulia minofu yote, na yangu yameisha. Na jina Kamugisha liko kila ukoo, halinisaidii.

Kwa nini sikumuuliza! Siku zote hizi tunamchunguza mpishi, mjane, daktari. Ukoo wake? Hata mara moja!

Mama kauliza ukoo. Nimesikia wazi.

Bado anatafuna kahawa. Mungu wangu, ataje ukoo wowote, wowote mwingine —